Mshairi na sheikh ni mtu mmoja: jinsi ya kusoma kazi za Kaluta Amri Abedi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya bara, Tanzania. Nimerithi nakala chakavu ya Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, nami nataka kuitumia katika kikundi cha usomaji cha wanafunzi Waislamu na Wakristo. Mwenzangu mmoja anasema mtunzi huyu ndiye yule sheikh aliyeshiriki katika tafsiri ya Kurani. Mwingine anasema hao ni watu wawili. Wa tatu amenionya nisimguse kabisa kwa sababu ya madhehebu yake, na kwamba hata sheria zake za ushairi zimeshapitwa na wakati. Tena nikihesabu mizani, mara napata 16, mara 15, mara 17. Nianzie wapi, na mtu aliyeandika mambo mbalimbali namna hii anasomwaje?"

Ndugu mwalimu, nianze na lililo jepesi: ni mtu mmoja. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924, akafariki Oktoba 1964 katika Ujerumani Magharibi, akiwa na miaka 40 hivi. Alikuwa mhubiri na mwanachuoni wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, na miongoni mwa waliomsaidia Sheikh Mubarak Ahmad kuandaa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa Nairobi mwaka 1953. Mwaka uliofuata, 1954, kikatoka kitabu ulicho nacho. Baada ya hapo akaingia katika utumishi wa umma: akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru akawa waziri, ikiwemo Wizara ya Sheria. Uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake.

Mwenzako aliyesema ni watu wawili hakukosea bila sababu. Jina lenyewe huandikwa kwa namna nyingi: Amri Abedi, K. Amri Abedi, Kaluta Amri Abedi, na kwenye uwanja wa Arusha ni Abeid. Katika orodha za maktaba unaweza kumkuta chini ya A au chini ya K, kwa hiyo ukitafuta jaribu yote kabla ya kukata tamaa. Sababu nyingine ni wachapishaji. Diwani ilitolewa na Eagle Press, tawi la uchapaji la East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni lililochapisha vitabu vya shule na vya watu wazima. Tafsiri ya Kurani ilitolewa na misheni ya Ahmadiyya yenyewe. Vitabu hivi viwili havikuuzwa duka moja, havikuwekwa rafu moja, na kwa miaka mingi wasomaji wake hawakukutana. Msomi wa fasihi alimjua Amri wa vina na mizani. Muumini alimjua sheikh wa minbari.

Kwa wakazi wa pwani hakuna geni hapa. Aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, alikuwa mwanachuoni. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi wa Unguja katika karne ya 19, alitunga mashairi ya Kiswahili, mojawapo dua ya kuomba mvua. Kutunga na kusomesha dini vilikuwa kazi ya mtu yule yule, kwa sababu vyote vilianzia chuoni, yaani madrasa, kwenye ubao na wino. Jipya kwa Amri ni kwamba alikuwa mtu wa Ujiji, mji wa ziwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Lamu na Mombasa, na kwamba yale ambayo malenga walipokezana kwa mdomo yeye aliyaandika kwa nathari nyepesi, kwa herufi za Kilatini, ili hata asiyekaa miguuni mwa malenga aweze kujifunza. Ninaposoma watu wakimwita mtunga sheria mkali, huona wamesahau jambo hilo. Kuandika kanuni kulikuwa kufungua mlango kwa watu wa bara.

Kitabu chenyewe kina sehemu mbili, na kosa kubwa la walimu ni kufundisha moja na kuiacha nyingine. Sehemu ya kwanza ni sheria, ya pili ni diwani, yaani mashairi yake mwenyewe. Zisome pamoja. Ukimaliza kanuni moja, nenda kwenye diwani utafute mahali anapoifuata na mahali anapoinyoosha kidogo. Sheria ni dai lake, diwani ni ushahidi wake, na mwanafunzi anayejifunza kupima dai kwa ushahidi amepata faida kubwa kuliko kukariri majina ya bahari, yaani aina za mashairi.

Sasa hesabu zako. Shairi la kawaida la mishororo minne, tarbia, lina mizani 16 kila mshororo, zikigawanyika 8 katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na 8 katika utao, kipande cha pili. Mizani ni silabi inavyotamkwa, si inavyoonekana kwenye karatasi. Hesabu ikiyumba kati ya 15 na 17, karibu kila mara kosa limejificha kwenye m na n, au kwenye irabu zilizofuatana, au kwenye maneno ya mkopo.

M na n ndizo zinazowachanganya wengi. Pale m inaposimama badala ya mu, ni mizani kamili: mtu ni m-tu, 2, mtoto ni m-to-to, 3, tamka ni ta-m-ka, 3. Lakini pale inapoungana na sauti inayofuata, haihesabiwi peke yake: mbuzi ni mbu-zi, ndugu ni ndu-gu, ngoma ni ngo-ma, yote 2. Halafu yapo maneno mafupi ambayo nazali yake, yaani m au n hiyo, hubeba mkazo: mbwa ni m-bwa, nchi ni n-chi, nta ni n-ta. Kipimo cha kumpa mwanafunzi ni hiki: ukiondoa nazali na neno likabaki na silabi moja tu, basi nazali ile ina mizani yake. W na y hazileti shida, kwani huungana na konsonanti iliyotangulia: mwa-na, kwe-tu, vyo-te.

Irabu zilizofuatana kila moja ina haki yake. Shairi ni sha-i-ri, 3. Muumba ni Mu-u-mba, 3. Kuuawa ni ku-u-a-wa, 4. Msomaji wa haraka humeza irabu moja, akampa mtunzi lawama isiyo yake.

Maneno ya mkopo, hasa ya Kiarabu, ndiyo yanayohitaji subira. Yana konsonanti zisizo na irabu, na washairi wa kimapokeo mara nyingi huipa kila konsonanti ya namna hiyo mizani moja: la-b-da, 3, e-l-fu, 3, su-l-ta-ni, 4. Chukua maneno ambayo tenzi nyingi huanza nayo, "Bismillahi kutubu". Ni bi-s-mi-lla-hi, 5, na ku-tu-bu, 3, jumla 8. Ukihesabu bismillahi kuwa 4, kipande kitakuwa na upungufu ambao haupo. Kwenye mashairi ya sheikh maneno ya dini ni mengi, ndiyo maana hesabu zako zinayumba zaidi kwenye mashairi ya mawaidha kuliko kwenye ya mapenzi au ya siasa. Ukikuta kipande kimoja kina 7 huku vyote vingine vya ubeti vina 8, kwanza tafuta neno la Kiarabu, kisha tafuta kosa la chapa, na mwisho kabisa ndipo umfikirie mtunzi.

Jaribu kwa mishororo hii miwili niliyoitunga kwa mazoezi tu:

Hesabu kwa kutamka, si kwa jicho la herufi,
Sikio likiridhika, ushairi huwa safi.

Ukwapi wa kwanza: he-sa-bu-kwa-ku-ta-m-ka, 8. Utao wake: si-kwa-ji-cho-la-he-ru-fi, 8. Mwanafunzi atakayesema "ta-mka" atapata 7 na kudai umekosea. Mshororo wa pili: si-ki-o-li-ki-ri-dhi-ka, 8, u-sha-i-ri-hu-wa-sa-fi, 8. Vina vya kati ni -ka, vya mwisho ni -fi. Waambie wachore mstari wa wima baada ya mizani ya nane. Mstari ule usikate neno katikati. Ukikata, ama hesabu imekosewa, ama mtunzi amepasua kipande, na kwa Amri hilo ni kosa la utunzi.

Utakutana pia na maneno yaliyofupishwa au kurefushwa ili mizani itimie. Kufupisha ni inkisari, kama "mekuja" badala ya "umekuja". Kurefusha ni mazida, kama "enenda" badala ya "enda". Usiyasahihishe ubaoni kana kwamba ni makosa ya sarufi. Waulize wanafunzi: neno zima lingeleta mizani ngapi? Wakijibu, wameshaelewa kwa nini mshairi ana ruhusa ambayo mwandishi wa insha hana.

Kuna dhana moja ya kuondoa mapema, maana huja kila darasani: kwamba mizani ya Kiswahili ni arudhi ya Kiarabu, yaani kanuni zake za kupima ushairi, iliyohamishwa. Majina kama bahari, beti na arudhi ni ya Kiarabu kweli. Hesabu siyo. Arudhi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi kwa mpangilio maalumu; mizani ya Kiswahili huhesabu silabi zote sawa. Mwanafunzi wako anayejua Kiarabu vizuri hana upendeleo hapa, na asiyejua hata alifu asione amekwishaachwa nyuma.

Na lile alilolishikilia Amri kuliko yote, kwamba shairi ni wimbo na lisiloimbika halina maana, lifanye kuwa utaratibu wa kikundi. Msianze kwa kusoma kimya. Mmoja aimbe ubeti kwa sauti yoyote anayoijua, iwe ya kaswida, ya taarabu au ya kwaya, na wengine wapige kofi moja kwa kila mizani. Kofi likikosa pa kutua, kuna jambo. Katika kipindi cha dakika 80 beti nne hadi sita zinatosha. Ukizidisha, wanafunzi wataanza kuhesabu bila kusikia.

Je, sheria hizi zimepitwa? Hapa mwenzako ana nusu ya ukweli. Miaka ya 1970 vijana waliosoma chuo kikuu walikataa kwamba bila vina na mizani hakuna ushairi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi wakatetea mtazamo mpana zaidi katika Malenga wa Bara na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Tazama kichwa hicho cha mwisho: kunga kwanza, diwani baadaye, sura ile ile ya kitabu cha Amri. Hata waliompinga walijibu kwa umbo alilolianzisha. Maoni yangu ni kwamba Amri yuko sahihi kabisa kuhusu shairi la kuimbwa, na ni mwembamba mno anapotaka maelezo yale yawe mpaka wa ushairi wote. Kwa mtihani, wanafunzi wako wanahitaji kujua pande zote mbili: shairi la kimapokeo hupimwa kwa sheria zake, na shairi huru hupimwa kwa picha, mpangilio wa mistari na mdundo wa usemi. Usipime moja kwa rula ya jingine.

Nije sasa kwenye onyo la madhehebu, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza zaidi, na halistahili kupuuzwa. Waislamu wa Ahmadiyya wanaamini kwamba Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India (1835–1908), ndiye Masihi aliyeahidiwa na nabii aliye chini ya Mtume Muhammad, na kwamba Nabii Isa alikufa kifo cha kawaida. Waislamu walio wengi, pamoja na maulamaa wao, wanaamini kwamba Isa alinyanyuliwa, na kwamba baada ya Mtume Muhammad hakuna nabii mwingine wa namna yoyote. Kwa hiyo wanaihesabu Ahmadiyya kuwa nje ya Uislamu. Tofauti hii si ndogo, na mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake anasomeshwa kitabu cha mtu huyu anauliza swali halali. Mjibu waziwazi: kikundi kinasoma ushairi na historia ya Kiswahili, na mafundisho ya dini hayatolewi humo. Kisha utimize ahadi hiyo. Sheria za kutunga mashairi hazina madhehebu. Mizani ya "mtoto" ni 3 kwa Sunni, kwa Shia, kwa Ahmadiyya na kwa Mkatoliki. Mashairi ya diwani yasome wewe kwanza peke yako, yote, uchague ya kuanzia. Usigawe diwani nzima bila kuipitia.

Kumwacha mtu huyu kabisa, kama ulivyoshauriwa, kuna gharama. Utafundisha historia ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 ukiruka kitabu ambacho waliomuunga mkono na waliompinga wote walikirejea. Kumsoma bila kutaja alikuwa nani nako kuna gharama, maana siku mwanafunzi atakapojua kwa njia nyingine ataona ulimficha. Mimi ningesema ukweli wote kwa sentensi mbili siku ya kwanza, kisha ningeendelea na kazi.

Ama tafsiri ya Kurani, usiilete siku ya kwanza, na ukiileta uilete kama sehemu ya historia ya tafsiri. Mnyororo wake ni huu. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alitoa tafsiri ya Kiswahili; Waislamu waliipokea kwa shaka, kwa kuwa mfasiri alikuwa Mkristo na maelezo yake yaliandikwa kwa jicho hilo. Mwaka 1953 ikaja Kurani Tukufu ya Ahmadiyya, yenye matini ya Kiarabu, tafsiri na maelezo. Mwaka 1969 ikakamilika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndani yake amejibu kwa ukali yale aliyoyaona makosa ya Ahmadiyya. Kila moja iliandikwa ikiangalia iliyotangulia. Bila kujua mpangilio huu, msomaji hushangaa kwa nini maelezo ya chini ya ukurasa yana hasira.

Ukizilinganisha, kuna mtego wa hesabu ambao umewaaibisha wengi. Machapisho ya Ahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza katika kila sura inayoanza nayo. Machapisho yaliyozoeleka kwetu hufanya hivyo kwenye Al-Fatiha tu. Kwa hiyo namba huzidi kwa moja: Ayatul Kursi, ambayo kwa wengi ni Al-Baqara 255, huko ni 256. Al-Ikhlas yenye aya 4 huonekana ina 5. Al-Fatiha hubaki vile vile, na At-Tawba pia, kwa sababu haina Bismillahi. Mwanafunzi asiyejua hili atafungua Al-Ahzab 40, atakuta maneno asiyoyatarajia, na atatangaza kwamba Kurani imebadilishwa. Maneno hayakubadilika, namba ndiyo iliyosogea. Maneno ya "muhuri wa Manabii" yatafute kwenye 41.

Tahadhari nyingine ni ya mwandishi. Shairi lililo katika diwani unaweza kusema bila wasiwasi kuwa ni la Amri. Tafsiri ni kazi ya watu kadhaa chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, kwa hiyo huwezi kuchukua sentensi moja ukasema "hapa Amri anaandika". Nimeona hoja nzima za mtindo wa mwandishi zikijengwa juu ya dhana hiyo, nazo huporomoka kwa swali moja tu la msimamizi wa tasnifu.

Lakini swali lililobaki ni zuri kuliko lile la nani aliandika nini. Tafsiri ilitoka 1953, sheria za ushairi 1954. Maana yake ni kwamba mtu yule yule, karibu wakati ule ule, alikuwa amekaa kwenye kazi mbili zinazovuta pande tofauti. Katika shairi, mizani ndiyo yenye nguvu: neno hufupishwa, hurefushwa, husogezwa kutoka mahali pake, ili kipande kitimie 8. Katika tafsiri ya Kurani, maana ndiyo yenye nguvu, na mfasiri aliye mshairi lazima ajinyime vina ambavyo ulimi wake unavileta wenyewe, asije akapindisha maana kwa ajili ya utamu. Mwenye kuzijua kazi zote mbili anajua thamani ya kila inkisari anayoifanya. Ndiyo sababu nakushauri usimgawe mtu huyu vipande viwili: sheria zake zinasomeka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba upande wa pili wa meza palikuwa na maandiko ambayo hayaruhusu hata silabi moja ya nyongeza.

Zoezi la kuonyesha hilo ni dogo. Chukua sura fupi kama Ad-Dhuha katika tafsiri mbili au tatu, uzisome kwa sauti, mweke alama mahali ambapo sentensi inafuata mpangilio wa Kiarabu na mahali inapokwenda kwa mwendo wa Kiswahili. Kisha chukueni ubeti mmoja wa diwani mwandike maana yake kwa nathari. Neno gani lilikuwapo kwa ajili ya mizani tu? Msijadili nani yuko sahihi katika imani, jadilini sentensi.

Kwa kikundi chenye dini mbili, mweke Amri pamoja na Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, aliyefanya kazi mahakamani. Naye aliandika mambo mengi: Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954, Utenzi wa Enjili Takatifu uliochapwa Ndanda, diwani, na Ngonjera za UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) zilizotoka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki. Mnyampala alifanya lile ambalo mfasiri wa Kurani hawezi kulifanya: aliyatia maandiko matakatifu ndani ya mizani. Utenzi una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi tamati. Chagueni tukio moja la Injili, lisomeni kwenye Biblia, kisha kwenye utenzi, mtafute nini kimeongezwa ili kipande kijae na nini kimeachwa. Umbo hilo la utenzi lilikomaa mikononi mwa Waislamu wa pwani. Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Kuliona likibeba Injili ya Mgogo ni somo la historia ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka mno.

Utaratibu wangu basi: wiki mbili za mwanzo sheria na makofi, wiki tatu diwani, mkirudi kwenye sheria kila mara, wiki moja au mbili Mnyampala, na tafsiri ya Kurani mwishoni kabisa, kipindi kimoja tu, baada ya kumjulisha mkuu wa shule na mwalimu wa dini. Kikundi kikiwa cha kidato cha kwanza na cha pili, acha tafsiri kabisa.

Kuhusu nakala yako chakavu. Usiibandike selotepu: gundi yake hubadilika rangi na kula karatasi. Usiilaze kwenye mashine ya kudurufu ukiikandamiza mgongo. Ifungue kiasi cha nyuzi 90 hadi 120 tu, jalada likiegemea vitabu viwili, uipige picha kwa simu kutoka juu, karibu na dirisha lakini si juani, mikono mikavu na safi. Piga pia jalada na ukurasa wa uchapaji, kwa sababu kuna matoleo ya baadaye na namba za kurasa huenda zisilingane. Ukinukuu, taja toleo. Nakala nyingine zitafute Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, au sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hakimiliki isikutishe, ila isikupite. Sheria ya Tanzania hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Mtunzi huyu alifariki 1964. Kazi ya watunzi wengi huhesabiwa tangu kifo cha wa mwisho wao, kwa hiyo usichukulie kwamba tafsiri ya 1953 iko huru kama mashairi. Kabla ya kudurufu nakala za darasa zima, uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Na kazi za lililokuwa East African Literature Bureau, uliza pia Kenya Literature Bureau, kwa sababu ndilo lililoendelea nazo baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshi. Mwanafunzi akianza kuuliza kwa dhati kuhusu imani, kuhusu Isa au kuhusu unabii, usimjibu wewe wala usimpe kitabu. Mwelekeze kwa wazazi na kwa sheikh au padri wake. Kukizuka mvutano kati ya wanafunzi wenyewe, simamisha kikundi kwa wiki hiyo na uwaone mmoja mmoja pamoja na mwalimu wa malezi. Na kwa kuwa kitabu umekirithi, kipekue ukurasa kwa ukurasa kabla ya kukipeleka shuleni. Wapenzi wa mashairi wa zamani walikuwa na desturi ya kuficha humo vipande vya magazeti na mashairi yao wenyewe, wengine kwa herufi za Kiarabu. Ukikuta karatasi ya namna hiyo, ipige picha ikiwa mahali pake, andika iko kati ya ukurasa gani na gani, kisha uipeleke mwenyewe kwa mtu anayesoma hati hizo, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Nyaraka za Taifa Zanzibar. Usijaribu kuisoma kwa kubahatisha: katika hati nyingi za zamani herufi moja husimama kwa b, p, na hata mb, na neno moja likisomwa vibaya, mizani ya ubeti mzima hupotea.